Asumini Hajitupi

Katika mtaa wetu wa Katoyi kuna kiwanja kisichojua matope. Mvua ikinyesha, maji yanapotea palepale kati ya mawe, na baada ya robo saa wachezaji wanarudi kama hakukutokea kitu. Ni mawe ya volkano, meusi, yenye vitundu vidogo na ncha za kukwangua. Watu wameyaponda na kuyasawazisha kwa miaka mingi hadi mahali pamekuwa karibu tambarare. Karibu tu. Mpira ukidunda hapo unaweza kwenda kushoto wakati kila mtu anautazamia kulia, na mtu akianguka hapo anaacha ngozi.

Kwenye kiwanja hicho Asumini amesimama golini tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili. Sasa ana ishirini na minne. Kazi yake ni kushona. Ana mashine ya kukanyaga kwa miguu aliyoachiwa na marehemu mama yake, Fatouma, na kuanzia saa tatu asubuhi unamsikia barazani akikanyaga taratibu, halafu haraka, halafu kimya kidogo anapokata uzi. Nyumba yetu inapakana na yao. Nimesoma karibu vitabu vyangu vyote vya chuo kikuu nikisikia mashine ile, na kuna kurasa ambazo hadi leo nikizifungua zinarudi na mlio wake.

Lakini kabla ya saa tatu kuna saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili ni ya baba yake.

Papa Nuhu alikuwa dereva wa lori. Wazee wake walitoka Maniema wakifuata biashara ya nguo. Yeye nguo hazikumvutia, akaenda barabarani, na Jumapili alikuwa gardien wa timu ya madereva, maana ndivyo tunavyowaita hapa walinda goli. Siku hizi ameacha vyote viwili. Kiwiko chake cha kushoto hakinyooki. Akitaka kukupokea kitu kwa mkono huo, inabidi wewe usogee.

Saa hiyo ya asubuhi ukungu unakuwa umepanda kutoka ziwani. Volkano haionekani, na goli lenyewe linaonekana nusu, nguzo moja na kipande cha juu. Papa Nuhu anapanga mawe saba makubwa kwa mzunguko mbele ya goli, kama nusu ya sahani, na Asumini anasogea kutoka jiwe hadi jiwe bila kuligeuzia goli ubavu. Hatua fupi za pembeni. Uzito uko mbele ya nyayo, magoti yamelegea. Miguu haigusani wala haipishani. Baba anainua mguu wake kama mtu anayetaka kupiga mpira, na kabla haujashuka lazima binti awe ameshatulia, nyayo zote mbili chini, tayari kwenda upande wowote.

"Mama, miguu!" anaita. Ndivyo anavyomwita, mama, kama baba wengi wa hapa wanavyowaita binti zao.

"Iko chini, Papa."

"Yote? Minaona moja inapiga salamu."

Kisha inafuata pumzi. Jumapili wanatoka kwa barabara ya Sake hadi Lac Vert na kurudi, Asumini kwa miguu yake, baba nyuma ya pikipiki ya jirani, akitoa ushauri hata kwa wapita njia. Siku nyingine ni nusu dakika ya kusogea, kutoka mbele, kurudi nyuma, kuruka na kushika, halafu pumzi kumi za kutulia, halafu tena. Mara ishirini. Papa Nuhu anasema gardien hachoki kwa kukimbia sana. Anachoka kwa kungoja sana, kisha anaitwa ghafla.

Siku moja, akiwa na pini midomoni, Asumini aliniambia kwamba ikifika mara ya kumi na tano mawe yanapotea.

"Minajisikia kama niko mu maji," alisema. "Goli linatembea na miye. Mupira unakuya polepole, polepole, kama unaniomba ruhusa."

Nilimwuliza kama haogopi. Akatoa pini moja, akaichoma kwenye kitambaa, akafikiri.

"Nikiwa pale? Hapana. Kuogopa kunakuya nikifika ku nyumba."

Kwenye mazoezi yale kulikuwa na sheria moja: hakuna kujitupa. Mpira uwe wa juu, uwe wa chini, unaufikia umesimama au hauufikii. Papa Nuhu aliwafundisha hivyo wengi kabla ya binti yake, na mtaa mzima ukaiamini sheria ile hadi ikawa kama tabia ya nchi. Kwetu Katoyi gardien akianguka watu wanamwonea haya kidogo. Wanasema amechelewa. Kama miguu ingefanya kazi yake, angeanguka kwa nini?

Mwezi wa tano Madame Wivine alipita barabarani, akasimama. Ni mwalimu wa michezo na kocha wa timu ya wanawake ya Keshero. Alikuja Katoyi kumtembelea shangazi yake, lakini siku ile shangazi alingoja. Alitazama mazoezi kwa muda wa saa nzima, mwavuli wake umefungwa ingawa manyunyu yalikuwa yakidondoka. Mwisho akaingia kiwanjani.

"Weye, gardien. Nani anakufundisha?"

"Papa wangu."

"Ni ule muzee anapiga kelele?"

"Ni yeye."

"Muzee, jambo. Mutoto ana miguu." Akamgeukia tena Asumini. "Gardien wetu amefuata bwana yake Bukavu. Mwezi wa saba tuko na mashindano. Nafasi iko moja. Kuya Jumapili, tukuone."

Siku hizo zote Asumini alishona huku akiimba. Alimshonea mteja mmoja mikono miwili ya kushoto, akalazimika kuifumua.

Kiwanja cha Keshero, nilikomsindikiza Jumapili ile, kina nyasi, nyasi za kweli, fupi, na asubuhi zinakuwa na umande. Asumini alivua viatu akazikanyaga kwanza kwa nyayo tupu, akatembea hadi katikati na kurudi. Alikuwa amewahi kukaa kwenye nyasi, bila shaka. Kucheza, kamwe. Kisha akavaa viatu, akaingia golini, na mazoezi yalipoanza kila mtu akaona jambo ambalo sisi wa Katoyi hatukuwahi kuliona.

Juu ya mawe lazima uinue mguu, la sivyo ncha inakukamata kidole. Miguu yake haikujua njia nyingine. Pale kwenye nyasi laini alikuwa akiinua magoti katika kila hatua, juu, kwa uangalifu, kama mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo.

"Yaya, ghorofa ya ngapi?" aliita Daniella, mshambuliaji wao, msichana mwembamba mwenye mguu wa kushoto mkali; yaya kwetu ni dada mkubwa. Wenzake wakacheka hadi wengine wakainama.

Asumini naye akacheka. "Ya tatu! Lete mupira, huku juu minaona muzuri."

Wakaleta. Hata na ngazi zake alifika karibu kila mahali. Alitoka mapema kabla mpira haujadunda, kwa kuwa kwao mpira uliodunda hauaminiki, na akaukuta bado mpole, ukimjia kifuani. Mara nne, tano, kicheko kikapungua. Halafu Daniella akapiga mmoja wa chini, kwenye kona ya mbali. Asumini akasogea, akafika miguu ilipoweza kufika, na mpira ukapita shibiri mbili kutoka kiatuni. Aliutazama ukipita.

Madame Wivine akapuliza filimbi. "Juu ya nini haukujitupa?"

"Miye sijitupaka, Madame."

"Hata siku moja?"

"Kwetu mutu anaanguka kama amechelewa."

Kocha alimtazama kwa muda, akitafuta kama kuna mzaha. "Kwetu anaanguka kwa sababu mupira uko mbali," alisema. "Siku ya posho nitachagua. Ni weye na Niyonsenga. Miguu yako nimeiona. Ile siku nataka nione kama unajua chini kuko wapi."

Niyonsenga alikuwa gardien wao wa pili, binti mrefu wa familia iliyotoka Rutshuru, mkimya, mwenye mikono mirefu. Tulisimama kidogo kumwangalia kabla ya kuondoka. Alipojitupa, alishuka kama kitambaa unachokikung'uta hewani na kukiacha kitandazike chenyewe mezani.

"Ni kama hana mifupa," Asumini alisema njiani.

Posho ni Jumamosi. Alikuwa na siku tano, na siri moja ambayo hakutaka baba aijue.

Nyuma ya mtaa wetu Cikuru anachonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na karakana yake imejaa maranda ya mbao hadi magotini. Jumatatu jioni Asumini alimwomba kona moja.

"Unataka maranda ya kuwashia moto?" Cikuru aliuliza.

"Nataka kuanguka juu yake."

Cikuru akaweka tezo chini. "Nimezeeka," alisema. "Nilifikiri nimesikia yote. Chukua ile kona, lakini ukivunjika, sitengenezi batu. Natengeneza chukudu tu."

Aliyetupa mipira ni mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua. Nilitupa vibaya, na kwa kazi ile ubaya wangu haukuwa na madhara. Nilitupa karibu, akafika amesimama. Nilitupa mbali, akafika amesimama, maranda yakiruka nyuma yake. Nilitupa mbali kabisa, akasimama pale miguu ilipoishia, akautazama mpira ukigonga ukuta. Mwili ulikataa. Jumanne alijaribu bila mpira. Alichuchumaa, akaketi, akalala upande, kama mtu mwenye homa anayetafuta mkao. Aliinuka na harufu ya mbao na machozi machoni, akasema ni vumbi.

Jumatano, Asumini alipokuwa akipika, Papa Nuhu alitoa kipande cha maranda kwenye mtandio wa binti yake. Kilikuwa kimejikunja kama kucha ya mtoto. Alikigeuza kati ya vidole.

"Hii inatoka kwa Cikuru."

Asumini alikoroga ugali.

"Unafanya nini kwa Cikuru, mama?"

"Ninajifunza kujitupa."

Nilikuwa mlangoni na sahani yao niliyoileta. Nilitaka kuondoka na sikujua namna ya kuondoka. Papa Nuhu alivuta kiti akaketi.

"Nilikukatalia ile kitu miaka kumi na mbili."

"Ndiyo, Papa. Na sasa Madame anaitaka siku ya posho."

Aliweka mkono wa kushoto mezani, kiwiko kikiwa kimepinda kama kawaida. "Uko nakiona hiki? Nilijitupa kiwanjani kwetu. Mupira niliushika, eh, niliushika vizuri sana. Batu walipiga makofi. Kisha nikakaa miezi mitatu kitandani, kidonda kinaoza, na lori yangu ikapewa mutu mwengine. Mama yako alikuwa na mimba yako. Mambo yote ya miguu niliyatunga kisha."

Asumini aliacha kukoroga. "Kisha?"

"Kisha ya kuanguka. Sikutaka kuanguka tena, na sikutaka mutu aone ninaogopa. Ndiyo nikaanza kusema gardien muzuri anafika amesimama. Nikasema, nikasema, mpaka miye mwenyewe nikaamini. Na ni kweli, unafika! Lakini haikuanza kama masomo."

Ugali ulianza kuungua. Tuliunusa wote watatu na hakuna aliyesogea.

"Papa," Asumini alisema mwisho, "kwa hiyo unajua namna ya kujitupa?"

"Najua namna mubaya. Ile muzuri niliiona kwa wengine."

"Nionyeshe zote mbili."

Kesho yake Cikuru alimkuta mzee wa miaka sitini na mitatu amelala ubavu kwenye maranda yake, akieleza: kwanza upande wa goti, kisha nyonga, kisha bega. Kiwiko kisitangulie kamwe. "Unajilaza, mama. Haujitupi, unajilaza haraka." Ijumaa Asumini aliweza kuanguka mara tatu akiwa na mpira mkononi. Alipaswa kuamua kila mara. Mara zilizobaki miguu ilimshikilia.

Jumamosi saa moja asubuhi ukungu wa Keshero ulikuwa mzito hata ziwa likasikika bila kuonekana. Madame Wivine aliweka wapigaji wanne. Kila mlinda goli angesimama dakika tatu chini ya mipira isiyokoma, kisha mwenzake angeingia, na hivyo hadi kila mmoja aingie mara sita. Papa Nuhu na mimi tulikaa kando ya mstari. Alikuwa amevaa kofia yake ya Ijumaa.

Niyonsenga aliruka kushoto na kulia, na kila mara alipotua wenzake walitoa sauti ile ya watu wanaoona kitu kizuri. Asumini alipoingia, magoti yalipanda ngazi tena, watu wakatabasamu. Mara ya kwanza mpira wa chini ulipita mbele yake, akautazama. Mara ya pili mwingine ulipita, akautazama. Madame Wivine alikunja mikono. Papa Nuhu alivua kofia, akaivaa, akaivua.

Mara ya nne mambo yalibadilika, polepole, kama ukungu unavyobadilika bila mtu kujua ni lini. Niyonsenga alikuwa akiinuka kwa kushika goti. Kila kuanguka kulikuwa na kuamka kwake, na kuamka kulimla. Asumini alikuwa akipumua mdomo umefungwa. Tena, miguu yake ilikuwa imeacha kupanda. Hakuna aliyeiambia. Ilikuwa ikiteleza juu ya umande, chini kabisa, karibu kuzigusa nyasi, na Daniella alipiga mara tatu mfululizo na mara tatu akamkuta amemtangulia.

"Weye hauchokaka, yaya?"

Asumini alikuwa akiutazama mpira tu. Niliuona uso wake na nikajua yuko kwenye maji yale aliyonieleza.

Mpira wa mwisho wa mara ya sita Daniella aliupiga kwa mguu wa kushoto, chini, kona ya mbali. Asumini alisogea hatua mbili, ya tatu, miguu ikaishia. Nilimwona anafika mahali pale ambapo husimama. Hakusimama. Goti lilikwenda, nyonga ikafuata, na mwili wote ukajilaza hewani, mrefu kuliko nilivyowahi kuuona, bila haraka yoyote. Vidole viligusa mpira. Mpira uligonga nguzo, ukaingia.

"Kiwiko!" Papa Nuhu alikuwa amesimama. "Asumini, kiwiko!"

Akiwa bado amelala, aliinua mkono, akaukunja, akaunyoosha. Baba yake akaketi.

Madame Wivine alimwinamia. "Umeumia?"

"Hapana, Madame. Ni baridi."

"Nini?"

"Nyasi. Ni baridi, ni muzuri."

Kocha aliwaita wote wawili. Hakuzungusha maneno. "Niyonsenga, nafasi ni yako. Asumini, miguu kama ile sijaiona. Lakini mashindano yako karibu, na leo mipira miwili ilipita mbele yako ukiiangalia kama wageni. Ile ya tatu ulikuya nayo saa ya mwisho. Siwezi kwenda na saa ya mwisho. Kama unataka, kuya tufanye mazoezi pamoja. Nafasi sina."

"Ndiyo, Madame."

Macho yalimjaa. Aliyafuta kwa mgongo wa glavu, na glavu ikamwachia nyasi shavuni. Niyonsenga alitazama viatu vyake.

"Twende, mama," alisema Papa Nuhu, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua.

Asumini hakusogea. Alikuwa akitazama ile kona ya goli.

"Madame, kiwanja kinafungwa saa ngapi?"

"Saa sita."

Ilikuwa haijafika saa tatu.

"Basi minaomba mipira. Ya chini. Ya mbali."

"Miye nimekufa, yaya," alisema Daniella na kujilaza palepale. "Nizikeni."

Aliyechukua mpira ni Niyonsenga. Aliuweka chini, akarudi nyuma hatua chache, akapiga. Asumini alianguka mapema mno, mpira ukampita juu. Akaamka. Wa pili alianguka kwa tumbo, puu, na wote wakacheka, hata yeye, uso ukiwa kwenye umande.

"Nyonga!" Papa Nuhu alikuwa ameshavuka mstari bila kuomba ruhusa. "Nyonga kwanza, mama, tumbo ni ya kulia chakula!"

"Muache ajaribu, muzee," alisema Niyonsenga. Yalikuwa maneno yake ya kwanza asubuhi ile. "Anaangalia nyasi. Yaya, usiangalie nyasi. Angalia mupira tu, nyasi haiende mahali popote."

Akapiga tena, na tena. Sikuhesabu. Ziwa lilianza kuonekana, kwanza ukingo, kisha mtumbwi mmoja, kisha maji mengi ya kijivu. Daniella alifufuka akawa anarudisha mipira iliyopotea. Madame Wivine alikusanya vitu vyake lakini hakuondoka. Kisha ukaja mmoja wa chini kabisa, upande wa kulia, na Asumini akaenda nao, goti, nyonga, bega, akaufunika kwa mikono yote miwili, akabaki pale amelala juu yake huku kifua kikipanda na kushuka.

Niyonsenga alinyoosha mkono akiudai. Asumini aliushikilia kidogo zaidi, kisha akaubingirisha kwake.

"Sasa kushoto," alisema.